Je, Wajua? Maajabu 22 ya Kupima Magonjwa ya Zinaa kwa Siri

Kondomu imepasuka. Au mwenza wa zamani amepiga simu kusema amekutwa na kaswende. Au moyo hautulii tu tangu safari ile. Kabla hujameza chochote, tulia usome haya. Nyuma ya tone la damu na kikopo cha mkojo kuna dhahabu, moyo wa ng'ombe, chemchemi za maji ya moto na sheria iliyotungwa vita vikiwa vimepamba moto. Na kuna habari njema mbili zinazopita humo mote: kila kipimo kina siku yake, na siri yako ina walinzi wengi kuliko unavyodhani.

1. Uwanja wa Mkapa ungejaa mara 16 kwa siku

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa kila siku duniani hutokea maambukizi mapya zaidi ya milioni 1 ya magonjwa ya zinaa yanayotibika, kwa watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam huchukua watazamaji 60,000. Mpe kila aliyeambukizwa leo kiti chake, uwanja utajaa mara 16 na bado maelfu watabaki nje ya geti. Magonjwa yanayohesabiwa hapo ni manne, yaani trikomona, klamidia, kisonono na kaswende, na yote manne hupona kwa dawa. Anayeingia kliniki kupima hana cha kuona haya. Ana wenzake wengi mno.

2. Wengi wenye klamidia hujiona wazima

Kwa kila wanawake 10 wenye klamidia, takriban 7 hawaoni dalili yoyote: hakuna uchafu, hakuna maumivu, hakuna homa. Kwa wanaume ni kama nusu yao. Wakati huohuo bakteria wanaweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuiziba, na wapo wanawake wanaolijua hilo miaka mingi baadaye wanapotafuta mtoto. Ajabu nyingine ni kwamba bakteria wa jamii hiyohiyo, wa tawi jingine, ndio wanaoleta trakoma, ugonjwa wa macho unaopofusha. Zahanati nyingi hutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, kwa hiyo asiye na dalili inabidi aseme mwenyewe: "Sijisikii vibaya, ila nina wasiwasi, naomba kupimwa."

3. Zipo dawa zinazoweza kuzuia VVU baada ya tukio, na saa zake ni 72

Dawa hizo huitwa PEP, na humezwa kwa siku 28. Zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na zikiwahi zaidi ni bora zaidi. Piga hesabu: tukio la Ijumaa saa 4 usiku lina mwisho wake Jumatatu saa 4 usiku. Anayesubiri kliniki ifunguliwe Jumatatu saa 2 asubuhi atakuwa ameshatumia saa 58 kati ya hizo 72. Nenda kitengo cha dharura cha hospitali, ambacho hufanya kazi Jumamosi na Jumapili pia. Aliyebakwa naye aende mapema iwezekanavyo, kwani pamoja na PEP kuna dawa ya kuzuia mimba na matibabu mengine yasiyotakiwa kungoja.

4. Ukipima kesho yake asubuhi, kipimo hakitaona cha jana

Kati ya siku ya kuambukizwa na siku ambayo kipimo kinaweza kuona kuna kipindi cha mpito, wataalamu hukiita kipindi cha dirisha. Mbegu iliyopandwa jana haijachomoza leo, na kutoiona juu ya ardhi hakumaanishi haikupandwa. Kalenda yenyewe ni fupi, unaweza kuiandika kiganjani:

Klamidia na kisonono: wiki 2 baada ya tukio.
VVU kwa kipimo cha maabara kinachotafuta protini ya kirusi pamoja na kingamwili: siku 45.
VVU kwa kipimo cha haraka cha kidoleni au cha mdomoni: siku 90.
Kaswende na homa ya ini B: wiki 12, ndipo jibu la "hakuna" linaaminika kabisa.

Aliyemeza PEP huanza kuhesabu siku zake za VVU pale anapomaliza dawa. Na kupima siku ya kwanza bado kuna faida, kwa sababu kunaonyesha hali uliyokuwa nayo kabla ya tukio.

5. Mkojo unaotakiwa ni ule ambao kwa UTI humwagwa

Ukipimwa UTI unaambiwa umwage mkojo wa mwanzo, kisha ukinge wa katikati. Kipimo cha kisasa cha klamidia na kisonono kinataka kinyume chake: mililita 20 hadi 30 za mwanzo kabisa, baada ya kukaa angalau saa 1 bila kukojoa. Bakteria hao hujishikiza kwenye mrija wa mkojo, na ule mkojo wa kwanza ndio unaowasomba. Ukijaza kikopo hadi juu unaizimua sampuli na kipimo kinaweza kuwakosa. Kama tukio lilihusu mdomo au njia ya haja kubwa, mkojo hautaonyesha kitu hata ukingwe vipi, hivyo mwambie mhudumu achukue sampuli ya mahali panapohusika.

6. Mwanamke anaweza kujichukulia sampuli, na majibu yakawa sahihi vilevile

Kijiti chembamba chenye pamba, chumba chenye komeo, dakika moja au mbili, basi. Tafiti zimeonyesha kuwa sampuli ya ukeni ambayo mwanamke amejichukulia mwenyewe huonyesha klamidia na kisonono kwa usahihi sawa na ile iliyochukuliwa na daktari. WHO inakubali njia hii pia kwa kirusi cha HPV, kinacholeta saratani ya shingo ya kizazi. Kwa mwanamke aliyekuwa akiahirisha kupima kwa sababu ya kuona haya kulala kitandani mbele ya mtu, sababu hiyo imepatiwa jibu.

7. Kaswende hupimwa kwa moyo wa ng'ombe

Ukisikia vipimo vya VDRL au RPR, jua kuna mafuta maalumu humo yaitwayo kadiolipini, na kwa miongo mingi yamekuwa yakichujwa kutoka moyo wa ng'ombe. Mwanakemia Mary Pangborn wa New York ndiye aliyefanikiwa kuyatenga mwaka 1941, miaka 35 baada ya August von Wassermann na wenzake kubuni kipimo cha kwanza cha kaswende nchini Ujerumani. Mwili wenye kaswende hutengeneza kingamwili zinazonasa mafuta hayo, na maabara huona vipunje vikigandamana. Ila ujauzito, malaria na magonjwa mengine yanaweza kuamsha kingamwili kama hizo, kwa hiyo jibu la kwanza la "ipo" huthibitishwa kwa kipimo cha pili. Usilie wala usigombane na mtu kabla ya hicho cha pili.

8. Mstari mwekundu kwenye kipimo cha haraka ni dhahabu

Ndiyo, dhahabu kweli. Vipimo vingi vya haraka vya VVU, kaswende, malaria na hata ujauzito hutumia chembe za dhahabu zilizobandikwa kwenye protini. Ukubwa wa kila chembe ni kama nanomita 40, hivyo ungehitaji takriban 2,000 zilizopangwa ubavu kwa ubavu ili kufikia unene wa unywele mmoja. Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho huacha unjano tuliouzoea kutoka Geita na kuwa nyekundu. Mstari wa herufi C ni wa kuthibitisha kuwa kipimo kimefanya kazi. Usipotokea, kipimo kimeharibika na jibu lake halina maana, hata kama mstari wa pili unaonekana vizuri.

9. Bakteria wa maji ya moto walituwezesha kuwanasa bakteria wa zinaa

Mwaka 1966 Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walikusanya bakteria wanaoishi kwenye chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, ambako maji hufika nyuzi 70. Kimeng'enya cha bakteria hao hakiharibiki kwa joto, na ndicho kilichoipa nguvu PCR, mbinu ya kunakili vinasaba iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983. Kipande 1 cha vinasaba kikinakiliwa maradufu mara 30 huwa vipande zaidi ya bilioni 1, hivyo hata bakteria wachache huonekana. Mashine ya GeneXpert, ambayo hospitali nyingi za Afrika Mashariki zinayo kwa ajili ya TB, inaweza pia kupima klamidia na kisonono kwa takriban dakika 90 ikiwekewa katriji yake. Kwa hiyo uliza. Huenda mashine ipo jengo la pili tu.

10. Kipimo cha mdomoni hupata jibu la VVU, lakini mate hayaambukizi

Unapitisha kijiti kwenye fizi ya juu na ya chini, unakitumbukiza kwenye kichupa, na baada ya dakika 20 unasoma jibu. Kinachotafutwa ni kingamwili, yaani askari waliotengenezwa na mwili, ambao huchujika hadi kwenye fizi. Kenya ilizindua kujipima VVU mwaka 2017, na mwaka 2019 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria ili mtu aruhusiwe kujipima mwenyewe. Jibu la "ipo" la kujipima linahitaji kuthibitishwa kituoni kabla ya kuitwa majibu. Anayetumia ARV asijipime kwa kijiti hiki, kwani dawa zinaweza kukifanya kitoe jibu lisilo sahihi.

11. Siri ya mgonjwa wa zinaa iliwekewa sheria katikati ya Vita Kuu ya Kwanza

Mwaka 1916 Uingereza ilitoa kanuni zilizotaka halmashauri za kaunti na za miji zitoe matibabu ya magonjwa ya zinaa bure na kwa siri, kwa mtu yeyote. Tume ya Kifalme ilikuwa imekaa tangu mwaka 1913 ikichunguza tatizo hilo, na ikaona kuwa watu hawaji kutibiwa wakihofia kujulikana. Utunzaji wa siri ukaonekana kuwa sehemu ya tiba yenyewe. Zaidi ya miaka 100 imepita, na kliniki za zinaa za Uingereza bado zinasimama juu ya kanuni ileile.

12. Kampala walipima watu kwa namba badala ya majina

Februari 1990, jijini Kampala, kilifunguliwa Kituo cha Habari za UKIMWI, AIC, cha kwanza Afrika kusini mwa Sahara kutoa ushauri nasaha na kipimo cha VVU kwa hiari bila kutaja jina. Uliingia, ukapewa namba, na namba hiyo ndiyo iliyorudi na majibu. Ilikuwa miaka ambayo dawa za kurefusha maisha zilikuwa hazijawafikia watu wa kawaida huko, na bado watu walijipanga mstari kwa sababu walihakikishiwa siri. Ushauri nasaha wa kabla na baada ya kipimo, unaoonekana wa kawaida leo Dodoma, Kisumu au Bujumbura, ulikomaa katika vituo vya namna hiyo.

13. Rais alipima hadharani ili wengine wathubutu kupima faraghani

Tarehe 14 Julai 2007, kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja jijini Dar es Salaam, Rais Jakaya Kikwete na mkewe, Mama Salma Kikwete, walipima VVU mbele ya wananchi. Siku hiyo ndiyo iliyozindua kampeni ya taifa ya kupima kwa hiari. Uzito wake uko hapa: mkuu wa nchi aliichukua hofu ya watu wengi na kuibeba mwenyewe mchana kweupe. Wewe hudaiwi kufanya hivyo. Majibu yako ni yako, na unaamua mwenyewe nani wa kumwambia.

14. Kenya ina baraza la kisheria la kesi za VVU peke yake

Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu VVU na UKIMWI iliunda baraza maalumu la kusikiliza malalamiko, yakiwamo ya mtu kupimwa bila ridhaa yake au majibu yake kutolewa kwa wengine. Hutajwa kuwa chombo pekee cha aina yake duniani. Tanzania nayo ina sheria yake ya mwaka 2008 inayolinda siri ya majibu, na marekebisho ya mwaka 2019 yalishusha umri wa kujiamulia kupima kutoka miaka 18 hadi 15. Juu ya hayo, sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinaziweka habari za afya katika kundi la taarifa nyeti. Mhudumu anayesema majibu yako nje ya chumba anavunja sheria ya nchi, si adabu ya kazi pekee.

15. Moshi huwafundisha pamoja waganga wa ngozi na wa zinaa

Tangu mwaka 1992, kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika, na somo la ngozi huenda sambamba na la zinaa. Sababu ni kwamba kaswende na magonjwa mengine ya zinaa mara nyingi hujitangaza kwenye ngozi. Kwa anayetafuta faragha hii ni habari tamu: kwenye benchi la kliniki ya ngozi, aliyekuja kwa fangasi, kwa chunusi na kwa kidonda cha siri wamekaa pamoja, na hakuna anayejua nani amekuja kwa lipi.

16. Sampuli ya zamani zaidi ya VVU inayojulikana ni ya mtu asiye na jina

Damu hiyo ilichukuliwa mwaka 1959 katika mji wa Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, kwa ajili ya utafiti mwingine kabisa. Ilihifadhiwa kwa miongo mingi, na mwaka 1998 wanasayansi walitangaza kuwa wamesoma vinasaba vya kirusi kilichokuwamo. Kwa kulinganisha sampuli kama hiyo na virusi vya leo, watafiti wamekadiria kuwa VVU vilianza kuenea kutoka mji huo kwenye miaka ya 1920. Mtoa damu alichangia moja ya kurasa kubwa za sayansi ya kirusi hiki, na jina lake halijulikani hadi leo.

17. Malengelenge ya siri huenda yalipitia kwa kiumbe wa Olduvai

Mwaka 1959 huohuo, Mary Leakey alifukua fuvu la Zinjanthropus katika bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza walipendekeza kuwa viumbe wa jamii hiyo ndio waliowapitishia mababu zetu kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri, HSV-2, zaidi ya miaka milioni 1 iliyopita, kikitokea kwa mababu wa sokwe. Leo WHO inakadiria zaidi ya watu milioni 500 wanacho, na wengi wao hawajui. Ukiona malengelenge au kidonda, nenda kikiwa bado kibichi, kwa sababu sampuli ya kidonda chenyewe hutoa jibu bora kuliko damu.

18. Chanjo ya homa ya ini B inaweza kukukinga hata baada ya tukio

Chanjo nyingi hutaka zitangulie ugonjwa, lakini hii inaweza kukimbizana nao. Ikitolewa ndani ya saa 24 ni bora zaidi, na baada ya kujamiiana wataalamu huona bado inafaa hadi siku 14. Kirusi chenyewe ni kikali: WHO husema kinaambukiza mara 50 hadi 100 kuliko VVU, na kinaweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku 7. Tanzania na Kenya zilianza kuwachanja watoto wachanga mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawakuipata. Uliza chanjo hiyo siku hiyohiyo unayokwenda kupima.

19. Flagyl ilianza kazi kwenye zinaa kabla ya kuhamia tumboni

Kidonge hiki ambacho karibu kila nyumba hukijua kwa tumbo la kuendesha kilianza kutumika Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya trikomona. Kimelea hicho kiligunduliwa na daktari Alfred Donné jijini Paris mwaka 1836, naye alikiona kikiogelea chini ya hadubini. Maabara nyingi bado humtafuta muogeleaji huyo kwa macho, na sampuli inatakiwa itazamwe ndani ya dakika chache, kwani akishapoa hatikisiki na hutambuliwa kwa shida. Ndiyo maana ukiambiwa sampuli ya ukeni ichukuliwe palepale maabara, usikasirike.

20. Kisonono kimeshazishinda dawa nyingi zilizokuwa mabingwa

Salfa zilikiponya miaka ya 1930, kikazizoea. Ikaja penisilini, na mwaka 1976 wakatambuliwa bakteria wenye kimeng'enya cha kuivunjavunja. Tetrasaiklini na siprofloksasini nazo zimepoteza nguvu sehemu nyingi za dunia, na leo tegemeo kuu ni sindano ya seftriaksoni. Ukinunua vidonge viwili vitatu duka la dawa kwa kukisia, dalili zinaweza kufifia huku bakteria waliobaki wakijifunza, na kipimo cha baadaye kikakosa la kukwambia. Pima kwanza, kisha umeze.

21. Malaria iliwahi kuwa tiba, na aliyeitumia akapewa Nobel

Mwaka 1917 huko Vienna, daktari Julius Wagner-Jauregg aliwachoma wagonjwa wa kaswende iliyofika kwenye ubongo damu yenye vimelea vya malaria. Homa kali ilidhoofisha bakteria wa kaswende, kisha mgonjwa akapewa kwinini ya kutibu malaria. Wapo waliopata nafuu na wapo waliokufa, na mwaka 1927 yeye akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Sisi tunaoijua malaria kwa karibu tunaweza kupima wenyewe jinsi kaswende ilivyotisha, hata watu wakakubali kubadilishana.

22. Kaswende bado inaogopa penisilini

Mwaka 1943 John Mahoney alitibu wagonjwa 4 wa kaswende kwa penisilini katika hospitali ya Staten Island, New York. Zaidi ya miaka 80 baadaye, wakati kisonono kinabadilika kila kukicha, bakteria wa kaswende hawajapata usugu dhidi ya dawa hiyo. Kaswende ya hatua za mwanzo huponywa kwa dozi moja ya penisilini ya benzathini, sindano zikigawanywa tako la kulia na la kushoto, katika ziara moja ya kliniki. Mjamzito akitibiwa mapema, mtoto tumboni hukingwa pia. Na zahanati zetu zina rekodi ya kujivunia: kati ya 1991 na 1995, utafiti wa mkoani Mwanza ulionyesha kuwa vijiji ambavyo wahudumu walifunzwa kutibu magonjwa ya zinaa na kupewa dawa za uhakika vilipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Tafiti za Uganda zilizofuata, zilizotumia mbinu tofauti, hazikupata punguzo hilo, lakini Mwanza ilithibitisha kwamba kazi hii inaweza kufanyika vizuri katika vituo vya kawaida kabisa. Kwa hiyo hesabu siku zako kutoka kwenye ile kalenda ya namba 4, chagua kituo unachokiamini, na ukifika mapokezi sema tu unataka kumwona mhudumu faragha. Mengine utayasema ndani, mlango ukiwa umefungwa.